Baba wa Kifaranga: shajara ya kipindi changu cha sauti, wiki ya 1 hadi ya 6

Wiki ya 1, Jumatatu usiku

Haya naanza kuandika maana kipindi kilichopita sikuandika chochote na mwisho wa siku nikawa sikumbuki hata niliyatoa wapi maneno yangu mwenyewe. Mradi ni huu: kipindi cha sauti cha dakika 20, Kiswahili tupu, kuhusu baba katika ndege wa baharini, yaani afya ya mbegu zake na jinsi inavyomfanya kifaranga atoke mzima au atoke legelege, au asitoke kabisa.

Chanzo ni ugomvi, sifichi. Mimi natotolesha vifaranga hapa Tanga, mashine ndogo tu ya uani. Mwezi uliopita mteja mmoja kaja na trei yake ya mayai yaliyogoma kuanguliwa, kayapasua mbele yangu moja moja, anasema mitetea yako imechoka, badilisha mitetea. Nikamwambia sawa mama, na jogoo je? Akaniangalia kama nimemtukana. Jogoo ana shida gani, si anawika? Na kweli, kwenye hii biashara yai likiharibika kesi ni ya mama, kifaranga akizaliwa dhaifu kesi ni ya mama, jogoo anatembea tu uani kifua mbele.

Sasa kwa nini ndege wa baharini na sio kuku? Kwa sababu wao dume na jike wanaatamia kwa zamu, wanalisha wote, wanarudi pale pale miaka na miaka, wengi na mwenza yule yule. Kwa hiyo swali la baba ni gumu kuliko la jogoo. Jogoo anatoa mbegu basi, kamaliza kazi yake. Baba wa baharini anatoa mbegu halafu anaatamia halafu analeta samaki, sasa kifaranga akidhoofika utajuaje ni mbegu au ni samaki? Hilo swali ndilo nataka libebe kipindi chote.

Wiki ya 1, Alhamisi

Nimepata uwanja wa kusimulia: kisiwa cha Middleton, ghuba ya Alaska, Marekani. Aisee hapa patamu, nimekaa napo mpaka saa 8 usiku.

Wanajeshi wa anga wa Marekani walikuwa na kituo cha rada pale, kikafungwa 1963. Mwaka uliofuata, Machi 1964, likapiga lile tetemeko kubwa la Alaska, kipimo 9.2, kisiwa kikainuka mita kadhaa, maporomoko yaliyokuwa yanapigwa na mawimbi yakabaki ndani nchi kavu. Ndege wana akili zao, wengine wakahamia kwenye mnara wa rada uliotelekezwa, kwao wao ukuta ni mwamba tu. Mtafiti Scott Hatch akaweka vishubaka vya viota kwenye kuta za mnara na nyuma ya kila kiota kioo cha kuona upande mmoja. Mtu anakaa ndani, kwenye giza, ndege yuko nje kwenye upepo amekaa kwenye yai lake sentimita chache kutoka puani kwako, na hakuoni.

Ndege mwenyewe ni aina ya shakwe, jina la kitaalamu Rissa tridactyla, kwa Kiingereza wamemwita kwa mlio wake, mimi nitamwita kitiweki tu. Mgongo wa kijivu, miguu myeusi, ncha za mbawa kama zimechovywa kwenye wino. Anaatamia kama siku 27, mara nyingi mayai mawili.

Nimejaribu kuandika aya ya kwanza ya skripti, imetoka kama ripoti ya wizara. Kesho narudia.

Wiki ya 2, Jumanne

Leo ndio nimeshika mkia wa habari yenyewe.

Kwanza mambo ya kuku ambayo wafugaji wengi tunayajua nusu nusu. Tetea akipandwa leo mbegu haziishi leo. Ndani ya njia yake ya uzazi kuna vijifuko vidogo sana, mbegu zinakaa humo, zinatoka kidogo kidogo kila yai likipita. Ndio maana ukimwondoa jogoo bado unapata mayai yenye mbegu wiki 2 mpaka 3 mbele. Ila mwishoni mwishoni mwa huo muda mbegu zimekaa sana, zimechacha, na hiyo kwa kuku ilishaandikwa tangu 1943 kwamba mbegu zilizolala zinashusha utotoaji, yaani sio kwamba yai halishiki tu, linashika halafu kijusi kinafia humo humo.

Sasa kitiweki. Mtafiti Richard Wagner na wenzake wakaona jike akishapandwa, saa nyingine anazitema mbegu. Anazisukuma nje. Na anafanya hivyo zaidi siku za mwanzo, yai likiwa bado mbali, likikaribia anaacha kutema.

Kutema mbegu sio jipya, koo wa kienyeji anafanya pia, jogoo mnyonge akimvamia anazitema ili abaki na za jogoo mkubwa. Hiyo ni kuchagua dume. Lakini kitiweki hana wa kuchagua! Ana mume mmoja, vipimo vya DNA havikukuta mtoto wa nje. Kwa hiyo mbegu anazotema ni za mume wake mwenyewe na anazobaki nazo ni za mume wake huyo huyo. Anachagua nini sasa?

Anachagua tarehe. Mbegu ya leo kama yai linatungwa baada ya wiki mbili itakuwa imeshapitwa, ya keshokutwa itakuwa mbichi, basi ya leo nje. Nilicheka peke yangu. Ni kama mama sokoni anavyobonyeza nyanya, muuzaji yule yule, tenga lile lile, lakini hii hapana, nipe ile ya chini iliyoingia asubuhi. Waliandika hayo 2004.

Wiki ya 2, Jumapili

Tatizo la lugha. Kipindi kinasikilizwa na wazee na watoto, sebuleni, watu wanakula. Nimeandika "tendo la ndoa la ndege", nikaandika "kukutana kimwili", yote yananuka. Nikampigia shangazi Muheza, amefuga kuku miaka mingi kuliko umri wangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, leo umenikumbuka una shida gani?"

Nikamwelezea. Akasema, "Sema kupandwa. Ndege si mwanadamu, unamwonea haya ya nini? Na mbegu sema mbegu. Ukianza kuzungukazunguka ndio watoto watauliza."

Imeisha hiyo. Kupanda, kupandwa, mbegu, kutema. Kuhusu lile tundu moja la ndege linalotoa kila kitu, mayai, choo, mbegu, nimeamua niite tundu la nyuma. Watu wa vitabuni wanasema kloaka, sijaona faida yake hapa.

Alafu shangazi akaongeza kitu ambacho nimekiandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mimi jogoo akiwa mzee simwekei tetea wengi. Si kwamba hapandi. Anapanda. Vifaranga wake ndio hawana nguvu." Sijui kama ni kweli kwa kuku wake au ni macho tu, ila swali ni lile lile langu.

Wiki ya 3, Jumatano

Jaribio la kipete. Hii ndio roho ya kipindi, nataka dakika 7 nzima.

Kuona jike anatema hakutoshi kusema mbegu za zamani zina madhara, labda anatema kwa sababu nyingine. Inabidi umlazimishe jike atumie mbegu zilizokaa. Sasa utamlazimishaje ndege wa porini? Kule kule Middleton timu ya mtafiti Joël White, Wagner yumo, Hatch yumo, wakawavalisha madume kipete eneo la tundu la nyuma. Dume anaishi kawaida, anapanda kama kawaida, jike haoni tofauti, mume wake yupo, anamlisha, kila kitu kipo, ila mbegu hazivuki. Ukimvalisha mapema kabla ya kutaga, jike hana mbegu mpya, atatumia zile alizohifadhi, zimezeeka. Ukichelewa kumvalisha, za kwake bado mbichi. Muda wa kipete ndio umri wa mbegu. Hawakugusa yai, hawakugusa mama, hawakugusa malezi. Kwa swali langu la mbegu au samaki, hapa mbegu imetengwa peke yake safi kabisa.

Matokeo yakachapishwa 2008 na yanashuka kama ngazi. Mbegu zikizeeka uwezo wa kurutubisha unapungua. Lile yai lililorutubishwa, kijusi kinakua taratibu. Vinavyokua taratibu, vingine vinakufa humo ndani. Na wale wanaotoka, wanatoka na hali mbaya ya mwili. Wenyewe wanasema huenda ni kitu kimoja tu, uharibifu ule ule, ukiwa mkubwa yai halishiki, ukiwa mdogo kifaranga anatoka lakini anatoka pungufu.

Hii ngazi ndio ninayotaka yule mteja wangu aisikie. Maana yeye alipasua mayai akaona "viza" basi. Viza liko la aina nyingi.

Kwa hiyo leo usiku nimezima taa, nimechukua tochi ya simu na lile bomba la karatasi la ndani ya tishu ya chooni, nikapima mayai ya siku ya 7 yaliyo kwenye mashine yangu ili nirekodi ninachokiona kikiwa mbele ya macho. La kwanza, mishipa imetandaa kama mizizi ya mkoko, katikati kidoa cheusi kinacheza. Kinacheza kweli, ukitulia unakiona kinaruka. La pili safi kama glasi ya chai ya rangi, hakuna kitu. La tatu ndilo nililokuwa nalitafuta: duara jembamba la damu limejiviringa pembeni na katikati hakuna uhai. Huyo alianza. Alikuwepo siku 3 au 4 akaishia hapo. Ukilipasua siku ya 21 limeshachafuka, huwezi kulitofautisha na la pili, utasema yote mawili "hayakuwa na mbegu" na utakuwa umekosea moja. Nimerekodi dakika 4, sauti ya feni ya mashine inasikika nyuma, nimeiacha.

Wiki ya 3, Ijumaa

Umeme ulikata saa 5 usiku ukarudi saa 11 alfajiri. Nimefunika mashine kwa mablanketi mawili na kuweka chupa za maji ya moto, nimeamka mara nne. Sijaandika kitu leo. Yule mwenye duara la damu angalau hajui.

Wiki ya 4, Jumatatu

Nimefuta dakika 6 zote. Kosa langu.

Nilikuwa nimeunganisha kitiweki na maneno ya shangazi kuhusu jogoo mzee, nikasema "mbegu za zamani ni kama za baba mzee". Hapana bana. Ni umri wa aina mbili tofauti kabisa. Kuna umri wa mbegu tangu itoke kwa baba, hiyo ndio ya Middleton, baba anaweza kuwa kijana kabisa lakini mbegu yake imelala ndani ya jike. Na kuna umri wa baba mwenyewe, mbegu imetoka leo lakini imetengenezwa na mwili uliochoka. Moja ni samaki aliyekaa ufukweni mchana kutwa, nyingine ni samaki freshi aliyevuliwa na nyavu mbovu. Nikichanganya hizi mbili nimewadanganya watu.

Kinachoziunganisha ni jinsi mbegu yenyewe ilivyo. Imeumbwa nyepesi ili ikimbie, DNA yake imefungwa kwa kubanwa sana, na haina vifaa vya kujitengeneza ikiumia. Utando wake una mafuta ya aina inayoharibiwa upesi na zile kemikali kali za oksijeni, mafuta kuchacha tu, kama ya kupikia ukiyaacha wazi. Seli nyingine ikiumia inajitia kiraka. Mbegu haina kiraka. Yai ndilo linalojaribu kuziba matobo likishaipokea, na kama matobo ni mengi, ndio ile ngazi.

Wiki ya 4, Alhamisi

Kwa upande wa baba mzee nina sehemu mbili.

Isla Isabel, pwani ya Pasifiki ya Mexico. Ndege wa baharini anaitwa bubi wa miguu ya buluu. Miguu yake inabeba rangi inayotokana na chakula, ukimnyima samaki siku 2 tu inafifia, kwa hiyo jike akiangalia miguu anasoma afya ya leo, sio ya mwaka jana. Hugh Drummond na wenzake wanawafuatilia hao ndege miaka mingi, kila mmoja na pete yake. Na Alberto Velando, Roxana Torres na wenzao wakachukua manii ya madume wa umri tofauti wakapima, wakakuta wazee wana uharibifu zaidi wa DNA kwenye mbegu, 2011 hiyo. Yaani sio hisia tena, kidonda kiko kwenye mbegu yenyewe.

Ila hapo hapo bubi wananiharibia hadithi, na napenda. Hao hao waliwahi kubadilisha mayai kati ya viota, baba wa damu mmoja, baba mlezi mwingine, na hali ya kifaranga ikaenda na rangi ya miguu ya mlezi. Samaki! Sio mbegu. Na Drummond na Rodríguez 2015 wakatoa kitu ambacho nimekisoma mara tatu: watoto wanaodumu zaidi ni wale ambao mzazi mmoja ni mzee na mwingine kijana. Sio vijana wawili, sio wazee wawili. Kwa hiyo siwezi kusimama kwenye maiki nikasema baba mzee ni mbaya. Mzee ana mbegu yenye matobo lakini pia kaishi mpaka akazeeka, na hiyo nayo ni sifa.

Nimeamua nisilifiche hili. Nitaliweka pale pale katikati, msikilizaji akwame kama nilivyokwama.

Wiki ya 5, Jumanne

Sehemu ya pili ni Wilhelmshaven, Ujerumani, ziwa la Banter See ndani ya bandari. Buabua! Hatimaye ndege ambaye babu yangu anamjua, maana wavuvi wetu wakiona kundi la buabua linapiga mbizi wanajua samaki wako chini. Hawa wa Ujerumani ni buabua wa kawaida, Sterna hirundo, aina hiyo hiyo inafika hadi pwani yetu, ingawa hawa wa Banter See wanashukia zaidi Afrika Magharibi.

Wanataga kwenye visiwa vya zege. Peter Becker ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kuwawekea makinda kijidude kidogo chini ya ngozi, tangu 1992 wote wanaofikia kuruka wanacho, alafu kuna antena pale wanapotua, ndege akirudi mwaka kesho anajisajili mwenyewe bila kukamatwa. Kwa hiyo wanajua umri wa karibu kila baba. Mwaka 2018 Sandra Bouwhuis na wenzake wakaonyesha kwamba vifaranga wa baba wazee wanaanza maisha wakiwa na telomea fupi.

Telomea nimeieleza kama ile plastiki ya ncha ya kamba ya kiatu, seli ikigawanyika inalika kidogo, ikiisha kamba inafumuka. Kifaranga anaanza na ncha iliyolika tayari. Ukimtazama kwenye kiota huoni kitu, kavimba manyoya, anapiga kelele za njaa kama wengine.

Nimerekodi hii sehemu leo mchana na mvua ikashuka juu ya mabati dakika ya pili. Nikarekodi tena jioni, adhana. Nikarekodi tena usiku, mbwa wa jirani. Nimetumia ile ya mbwa.

Wiki ya 6, Jumamosi

Mchanganyo wa kwanza umekamilika, dakika 23 na sekunde 40. Nimekata historia yote ya rada isipokuwa sentensi mbili, imeniuma. Nimeacha kioo.

Nimemtumia shangazi kwa WhatsApp. Amejibu baada ya saa moja kwa ujumbe wa sauti, nanukuu: "Huyo ndege wa kutema nimempenda. Hilo la kipete umelieleza haraka, sikuelewa kipete kinakaa wapi, rudia. Na hapo uliposema mzee na kijana, sasa mimi jogoo wangu nimchinje au nisimchinje?"

Sina jibu la jogoo wake, nimemwambia aanze na kupima mayai siku ya 7 ahesabu, yaliyo safi bila kitu ndani mangapi, yenye duara la damu mangapi, aandike kwa kila jogoo banda lake. Ameniambia atamwambia mjukuu aandike, yeye macho hayaoni kwenye tochi.

Babu amesikiliza mwanzo mpaka mwisho kwenye spika ya mjomba. Alichouliza ni kama buabua wa Ujerumani nao wanakula dagaa.

Yule mteja wa trei nimemtumia pia. Tiki mbili za buluu, kimya. Jana amekuja kuchukua vifaranga 30, hakusema chochote kuhusu kipindi, ila wakati anaondoka akasimama pale uani akamwangalia jogoo wangu kwa muda mrefu, akauliza ana miaka mingapi.

Kazi iliyobaki: kurudia dakika ya 9 hadi ya 11, kipete. Nataka nichonge mfano wa dume kwa povu la friji nimpige picha akiwa amekivaa, niweke kwenye jalada la kipindi, mtu aone kabla hajasikia. Povu ninalo. Kipete nimejaribu mkato wa bomba la nusu inchi, ni kikubwa, ndege anaonekana amevaa sufuria.